Kabla Hujapanda Bembea: Mwongozo Kamili wa Usalama kwenye Bustani za Burudani

Kabla bembea kubwa haijaondoka kuna sekunde chache ambazo wengi wetu huzimaliza kwa kucheka na kupiga picha. Mhudumu anapita kiti kwa kiti, anasukuma chuma cha mapajani, anamwonyesha mwenzake dole gumba, kengele inalia, mnaondoka. Mwongozo huu ni kwa ajili ya sekunde hizo, pamoja na mambo yanayozitangulia na yanayozifuata.

Uzito wake niliujua kwa mpwa wangu wa miaka tisa. Alipanda akiwa amepakata kibegi, na chuma kikashuka kikakwama juu ya kibegi hicho. Mhudumu akakisukuma, akaona kimekaza, akapita. Mimi nilikuwa nje ya uzio, nikaona mwanga kati ya chuma na mapaja ya mtoto. Nikapiga kelele "Simamisha!" mpaka foleni nzima ikanigeukia. Kibegi kilipotolewa, chuma kilishuka shubiri nzima zaidi. Mtoto wa umbo lile angepenya hapo kama mkate unavyotoka kwenye mfuko. Mhudumu alikuwa amekagua kama chuma kimejifunga, na kweli kilikuwa kimejifunga. Hakuangalia kimejifunga juu ya nini.

Hapa nitaita "bembea" kila mtambo wa burudani unaompandisha, kumzungusha, kumrusha au kumtelezesha mtu: rolakosta, gurudumu kubwa, minara ya kudondosha, farasi wa kuzunguka, mitelezo ya maji. Ajali mbaya kwenye bembea zinazotunzwa vizuri ni chache, na sipendi mtu asome haya kisha amnyime mtoto furaha yake. Lakini ukisoma ripoti za uchunguzi wa ajali zilizotokea, kuna jambo linajirudia mpaka linauma: mara nyingi mtambo ulikuwa umeshatoa dalili, na aliyepaswa kuisikiliza aliona unasumbua bure.

Hatua ya 1: Jua kinachokushikilia

Huhitaji kuwa fundi. Ukielewa mambo matatu utajua cha kutazama.

La kwanza ni magurudumu. Behewa la rolakosta lina magurudumu ya aina tatu: yanayobeba uzito juu ya reli, yanayobana ubavuni, na yanayopita chini ya reli ili behewa lisinyanyuke. Ndiyo maana linaweza kupinduka kichwa chini miguu juu na lisitoke njiani. Reli inalishika behewa. Wewe ndani ya behewa unashikwa na kizuizi cha kiti tu.

La pili ni ule mlio unaousikia mkipandishwa mlima wa kwanza: kak-kak-kak-kak. Ni ulimi wa chuma chini ya behewa unaodondokea kwenye meno yaliyopangwa kando ya mnyororo. Mnyororo ukikatika, ulimi unashika jino na behewa halirudi nyuma. (Bembea nyingine za siku hizi zina kifaa cha kimya, kwa hiyo ukiukosa mlio huo usihofu.) Umuhimu wake ulionekana Mei 1972 katika Battersea Park, London. Kitreni cha Big Dipper kilichomoka kwenye kamba iliyokuwa ikikivuta kupanda mlima, breki ya kuzuia kurudi nyuma haikushika, na watoto 5 wakapoteza maisha.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui. Njia ya rolakosta hugawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu vitreni viwili kuwa kwenye kipande kimoja. Kitreni cha mbele kikichelewa, cha nyuma husimamishwa, hata kama ni juu kabisa ya mlima. Abiria wanaokwama huko hulalamika kwamba bembea ni mbovu, kumbe ni mtambo unaofanya kazi yake.

Tarehe 2 Juni 2015, kwenye bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, bembea iitwayo The Smiler ilifanya hivyohivyo. Kitreni kitupu cha majaribio kilikuwa kimekwama njiani, na kompyuta ikakizuia kilichokuwa na abiria 16. Mafundi hawakujua kwamba kuna kitupu mbele. Wakadhani kompyuta imekosea, wakaipita amri yake wakakiachilia. Vitreni viligongana, na wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja. Kampuni iliyoendesha bustani ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016.

Basi ukiona bembea imesimama na mafundi wanahangaika, usiwe miongoni mwa wanaopiga miluzi na kudai iwashwe haraka. Kelele za foleni ni mzigo juu ya fundi anayehitaji utulivu wa kuuliza kwa nini mtambo umegoma. Ukiona imezimika na kuwashwa, imezimika tena na kuwashwa tena, ondoka kwenye foleni hiyo. Oktoba 2016, kwenye bustani ya Dreamworld nchini Australia, bembea ya maboya ya mtoni ilikuwa imezimikiwa pampu mara mbili siku hiyohiyo, na kila mara ikawashwa kazi ikaendelea. Pampu ilipozima mara ya tatu maji yalishuka, boya moja likakwama, lililofuata likaligonga na kupinduka. Watu wazima 4 walifariki.

Hatua ya 2: Jiandae nyumbani

Mpime mtoto urefu akiwa hana viatu, ukutani, kwa tepu. Ukijua urefu wake kabla ya kutoka, utamwambia mapema bembea zipi bado si zake, na machozi ya getini yatapungua. Kuhusu soli nene, nywele zilizofungwa juu na kusimama kwa vidole ili afikie alama, nitasema zaidi katika hatua ya nne.

Mavazi yana maana kubwa. Viatu viwe vya kufunga, kwa sababu ndala inayodondoka kutoka juu humjeruhi aliye chini. Mtandio, skafu, kamba za kofia ya sweta na nywele ndefu vifungwe na kuchomekwa ndani. Kwenye vigari vya mashindano, vile vidogo vya injini, hili ni suala la uhai: ekseli ya nyuma inazunguka wazi au karibu wazi, na kitambaa kikinaswa hujiviringa kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuiwahi, na kumkaba aliyekivaa. Vaa kofia ngumu, chomeka kila kinachoning'inia, na kama hakiwezi kuchomekwa, vigari hivyo viache.

Kuhusu afya, soma ubao wa masharti kama unavyosoma karatasi ya dawa. Mjamzito asipande bembea za kurusha, kudondosha au kugongana, hata kama anajisikia mzima kabisa. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, matatizo ya shingo au mgongo, mwenye kifafa, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mpaka daktari wake aseme. Pombe kabla ya kupanda ni hapana. Kunywa maji, na kula kidogo saa moja hivi kabla. Tumbo tupu huleta kizunguzungu sawa na tumbo lililoshiba mno.

Hatua ya 3: Simama utazame mzunguko mmoja mzima

Hii haikugharimu hata senti, na ndiyo naiamini kuliko zote. Kabla ya kuingia kwenye foleni, simama pembeni utazame bembea ikipakia, ikienda, ikirudi na kushusha.

Mtazame mwendeshaji kwanza. Macho yake yako kwenye abiria au kwenye simu? Mkono wake uko karibu na kitufe chekundu cha dharura, kile chenye umbo la uyoga? Wahudumu wanagusa kila kizuizi kwa mkono, au wanatupa jicho kutoka mbali? Je, kuna anayepima urefu wa watoto, au alama imechorwa tu ukutani na hakuna anayeiangalia? Mahali ambapo mtoto mfupi anapitishwa kwa sababu baba yake amebembeleza, hapo hata mambo usiyoyaona yanaendeshwa kwa kubembelezana.

Kisha utazame mtambo wenyewe. Ukiona nguzo yenye ufa, boliti iliyolegea au iliyokosekana, mkanda uliochanika nyuzi, kiti kinachocheza, au ukisikia mlio wa chuma kusaga chuma unaojirudia mahali palepale, usipande, na umwambie mhusika. Usidhani wewe si mtaalamu kwa hiyo hutasikilizwa. Juni 2023, kwenye bustani ya Carowinds nchini Marekani, mgeni wa kawaida alitazama juu akaona nguzo ya rolakosta ya Fury 325 imepasuka, na kila kitreni kilipopita ilikuwa ikiachana. Akarekodi video, akatoa taarifa, bembea ikafungwa. Hakuna aliyeumia.

Bembea za kuhamahama, zinazofungwa na kufunguliwa kila wiki kwa maonyesho na sikukuu, zinataka jicho kali zaidi. Kila kuhama ni pini zinachomolewa na kurudishwa, nyaya zinaburutwa, na ardhi ni mpya. Tazama miguu ya mtambo: imekaa juu ya mbao pana zilizolala sawasawa, au juu ya matofali yaliyopangwa kwa haraka? Kila pini kubwa ya kuunganishia ina kipini chake kidogo cha kuizuia isichomoke, au pengine pamefungwa waya? Nyaya za umeme zimepita kwenye dimbwi? Ukigusa uzio au ngazi ukahisi mwili unawashwawashwa hata kidogo, huo ni umeme unaovuja. Toa watoto hapo, zuia wengine wasiguse, na mtafute mwenye mtambo mara moja.

Hata hivyo jicho lako lina mwisho. Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, bembea ya kuzunguka iitwayo Fire Ball ilikatika ikiwa hewani na kumuua kijana wa miaka 18. Ilikuwa imekaguliwa na kupewa kibali muda mfupi kabla. Mtengenezaji alipochunguza alikuta kutu imekula mkono wa chuma kwa ndani, mahali ambapo rangi ya nje ilikuwa bado inang'aa. Kutu ya namna hiyo huonekana kwa vipimo, kama vile vya mawimbi ya sauti. Kwa hiyo uliza: mtambo huu ulikaguliwa lini, na nani? Mwenye utaratibu mzuri hujibu bila kukasirika, na wengi hubandika cheti mahali pa kuonekana. Viwango vya kimataifa kama ISO 17842, na vya Ulaya kama EN 13814, vinataka bembea ziwe na kumbukumbu za ukaguzi na matengenezo. Anayekujibu kwa ukali amekujibu tayari.

Hatua ya 4: Urefu, uzito na umbo

Wazazi wengi huiona alama ya urefu kama kero, kitu cha kujadiliana na mhudumu. Fikiri kizuizi kinavyofanya kazi. Chuma cha mapajani kinakushika kwa kubana pale paja linapokutana na nyonga, huku mgongo ukiegemea kiti na, kwa bembea nyingi, miguu ikigusa sakafu. Mtoto mfupi hana paja la kutosha la kushikwa. Bembea ikidondoka ghafla, makalio yake yananyanyuka na mwili unateleza chini ya chuma kama sabuni. Urefu huo pia hutumika kukadiria umri wa kutii maelekezo. Ukimpandishia soli, unadanganya hesabu iliyofanywa kwa ajili ya kumlinda.

Umbo kubwa nalo lina mipaka yake, na hapa aibu inaua. Tarehe 24 Machi 2022, kwenye mnara wa kudondosha uliokuwa ICON Park, Orlando, Marekani, kijana wa miaka 14 aliponyoka kwenye kiti akafariki. Uzito wake ulizidi kikomo cha mtengenezaji. Uchunguzi ulionyesha kwamba kihisio cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, hivyo kizuizi kikaacha nafasi kubwa kuliko kawaida huku taa ikionyesha kila kitu ni salama. Mtambo ulifundishwa kusema uongo. Kama wewe ni mnene, mrefu sana au una kifua kipana, tafuta kiti cha majaribio. Bustani nyingi kubwa hukiweka nje ya foleni. Kizuizi kisipofika mahali pake, shuka na usimruhusu mtu akusukumie. Mhudumu akitumia nguvu za mwili kukibana ili kijifunge, hicho kiti si chako.

Mwenye ulemavu wa viungo aulize bila kuona haya, na apewe jibu la kweli. Julai 2011, kwenye bustani ya Darien Lake jimboni New York, askari mstaafu aliyepoteza miguu yote miwili vitani aliruhusiwa kupanda rolakosta ambayo masharti yake yalitaka abiria mwenye miguu miwili. Alirushwa nje akafariki. Ukarimu wa mhudumu haukuweza kujaza pengo la paja ambalo chuma kilihitaji kulishika.

Hatua ya 5: Ndani ya kiti

Fanya kwa mpangilio huu, kila mara, hata kama ni mara ya kumi kupanda bembea hiyohiyo.

1. Toa kila kitu: simu, miwani isiyofungwa kamba, funguo, kibegi cha kiunoni. Usikiweke chochote mapajani au tumboni.
2. Sukuma makalio yako mpaka nyuma kabisa, mgongo na kichwa viegemee kiti. Ukikaa kwa kujilegeza mbele, kizuizi kitajifunga kikiwa mbali na nyonga.
3. Shusha kizuizi mwenyewe, taratibu, mpaka kiguse mwili. Kama ni cha mabegani, kikae juu ya mabega, na mkanda wake wa katikati ya miguu ufungwe.
4. Sasa kisukume juu kwa nguvu, kama unataka kujitoa. Kikipanda hata kidogo na kuendelea kupanda, hakijajifunga.
5. Pitisha kiganja kilicholala kati ya chuma na paja lako, kisha la mtoto wako. Nafasi ikitosha ngumi, mwite mhudumu.

Ukiwa na shaka, usinong'one. Nyoosha mikono yote miwili juu, ipunge, na uite kwa sauti: "Simamisha! Kiti hakijafunga!" Watu wa jirani waige. Katika utulivu wa kabla ya kuondoka, kitufe kimoja kinatosha kuzuia kila kitu. Baada ya mlima wa kwanza hakuna mtu anayeweza kukushusha. Ukiambiwa "usijali, iko sawa" na hujaridhika, dai kushuka. Hiyo ni haki yako, na bei ya tiketi ni hasara ndogo.

Kwenye bembea za kuzunguka zenye kiti kirefu cha watu wawili au watatu, mpangilio wa kukaa una maana. Mzunguko humsukuma kila mtu kuelekea nje. Mtoto akikaa upande wa nje, mzazi wa kilo 80 atamlalia na kumbana ubavuni mpaka mwisho. Mtoto akae upande wa ndani, karibu na mhimili, na mkubwa akae nje.

Hatua ya 6: Bembea ikiwa mwendoni, na ikikwama

Kichwa kiegemee, macho yatazame mbele, mikono ishike vishikio. Kuinua mikono kwenye bembea inayopita karibu na nguzo au bembea nyingine ni mchezo ninaoupinga waziwazi. Kijiti cha kujipigia picha ni hatari zaidi, maana kikikuponyoka kwa kasi ile kinakuwa mkuki.

Watoto wafundishwe jambo moja mapema, mkiwa bado mko chini. Mtoto anayeogopa katikati ya safari hutaka kushuka, na wapo wanaojaribu kweli. Mwambie: "Ukiogopa, shika chuma, fumba macho, piga kelele upendavyo, lakini usijitoe mpaka nije." Mjaribu: mwambie akae kwenye kiti nyumbani dakika tatu bila kunyanyuka. Asiyeweza, bado hajawa tayari kupanda peke yake.

Na msidharau bembea za wadogo. Farasi wa kuzunguka anaonekana mpole, lakini mtoto akimwona mama yake nje hujaribu kumfuata kabla jukwaa halijasimama. Simama naye pembeni ya farasi, mkono mgongoni. Kwenye gurudumu kubwa, asipige magoti kitini wala kusimama kutazama nje, na wewe usitikise kibanda ili kumchekesha.

Bembea ikikwama, bakini mmekaa. Kizuizi kikiwa kimefunga, hapo ulipo ni salama kuliko ngazi unayoiona pembeni. Usijaribu kukifungua, usipande juu ya kiti, usimtoe mwenzako. Ongea na watoto, waambie hesabuni pamoja nami. Mkining'inia vichwa chini na mtu akajisikia vibaya, iteni wahudumu kwa sauti. Wahudumu watakuja na ufunguo wa kufungua kiti kimoja kimoja.

Simu ikidondoka, iache. Chini ya rolakosta ni eneo lililofungwa kwa sababu behewa, na hasa miguu ya abiria wanaoning'inia, hupita chini kuliko unavyodhani. Mwaka 2008, kwenye bustani ya Six Flags Over Georgia nchini Marekani, kijana alivuka uzio wa kwanza na wa pili akaingia eneo hilo akauawa na kitreni. Mwaka 2015, kwenye bustani ya Cedar Point jimboni Ohio, mwanamume aliyeshuka kwenye rolakosta alivuka uzio kwenda kutafuta simu yake, naye akafa vivyo hivyo. Mwambie mhudumu; vitu huokotwa bembea ikifungwa.

Maji, hewa na giza

Kwenye mitelezo ya maji lala chali, miguu mbele, vifundo vimepishana, mikono imekunjwa kifuani. Subiri mpaka mhudumu akuruhusu, kwa sababu majeraha mengi hutoka kwa mtu kumfikia aliye mbele yake. Ukifika chini, toka mara moja. Kwenye maboya ya watu wengi, kaa pale unapoelekezwa kulingana na uzito. Mtelezo mrefu wa Verrückt jijini Kansas City, Marekani, ulikuwa na kimo cha mita 51 kutoka chini, na abiria walifungwa kwa mikanda ya kunata tu. Agosti 2016 boya liliruka kutoka kwenye njia na mtoto wa miaka 10 akapoteza maisha kwa kugonga fremu ya wavu. Mtelezo ukiwa na kilima kinachoweza kurusha boya, mkanda wa kunata usikutulize.

Kosa dogo linalovunja miguu ya watoto: mzazi kuteleza na mtoto mapajani kwenye mtelezo mkavu. Kiatu cha mtoto kinashika ukingo, na uzito wa mzazi unaendelea kushuka. Mtoto akiteleza peke yake, mguu ukishika anasimama tu. Kama mtelezo ni mrefu mno kwake, ashuke wa mdogo.

Majumba ya kuruka yanayojazwa hewa huonekana kama godoro, na kumbe yana umbo la tanga. Desemba 2021 huko Devonport, Tasmania, nchini Australia, watoto 6 walifariki baada ya kisulisuli kuinua jumba kama hilo. Kiwango cha Ulaya kinasema lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, yaani pale miti midogo yenye majani inapoanza kuyumba, na kinataka vigingi visivyopungua sita. Zunguka uvihesabu. Vuta kamba kwa mkono; ikicheza, mwambie mwenyewe. Feni isizimwe watoto wakiwa ndani, na wakubwa wasichanganywe na wadogo.

Nyumba za giza na za vitisho zina hatari yake: moto. Mei 1984, nyumba ya aina hiyo katika Six Flags Great Adventure, jimboni New Jersey, iliungua na vijana 8 wakafia ndani. Haikuwa na mfumo wa kuzima moto. Ukiingia, tafuta taa za njia ya kutokea kwanza, mshike mtoto mkono, na ukinusa moshi usidhani ni sehemu ya mchezo.

Hatua ya 7: Baada ya kushuka, na ajali ikitokea

Kizunguzungu cha dakika chache ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni maumivu mapya ya kichwa yanayozidi, maumivu ya shingo upande mmoja, kutapika kusikokoma, ganzi, udhaifu wa mkono au mguu, ulimi mzito, kuona maruweruwe. Mtikisiko mkali unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa wa shingo, au kuvujisha damu taratibu chini ya fuvu, na dalili zikaja baada ya siku kadhaa. Nenda hospitali, na umwambie daktari wazi: "Nilipanda bembea siku fulani." Bila neno hilo, anaweza kukupa dawa ya maumivu na kukurudisha nyumbani.

Mtu akianguka au kugongwa, hakikisha kwanza mtambo umesimama, kisha piga namba ya dharura. Usimnyanyue wala kumkalisha. Mshikie kichwa kilivyo, mfunike asipate baridi, zuia damu kwa kukandamiza kitambaa safi. Msogeze tu ikiwa bembea, umeme au maji yanaendelea kumtishia. Asipopumua, anza kumbonyeza kifua katikati, haraka na kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na umtume mtu akalete kifaa cha kushtua moyo. Mkono au mguu ukinaswa kwenye mashine, usiuvute, na usiruhusu mtu kuwasha mashine kurudisha nyuma bila fundi na waokoaji.

Majeruhi akishapata msaada, andika papo hapo: saa, jina la bembea, namba ya kiti, mhudumu alisema nini, kizuizi kilikuwa wapi. Piga picha za kiti na ubao wa masharti, bila kumpiga picha majeruhi. Chukua mawasiliano ya walioona. Tunza tiketi, viatu na nguo kama zilivyo, hata zenye damu, bila kuzifua. Omba ajali iandikwe kwenye kitabu chao na upewe nakala. Ukiletewa karatasi ya kusaini ili upate pole ya haraka, ikunje, iweke mfukoni, useme utaisoma nyumbani.

Fanya hivyo hata kama ajali imekosa kutokea kwa unywele tu. Siku ile ya kibegi, nilirudi kwa msimamizi nikamweleza nilichoona, na akaniita nimwonyeshe kwenye kiti kitupu, chuma kikiwa juu ya kibegi na chuma kikiwa juu ya paja. Aliwaita wahudumu wake watatu waje watazame. Nilipoondoka, mmoja wao alikuwa anapita kiti kwa kiti, na kabla ya kusukuma chuma alikuwa anainama kuangalia chini yake.